Taa mbili za halojeni na themostati ya kufifisha: kifaa cha joto ninachompendekezea kila mfuga kenge

Nianze na hukumu, maana mwenye kenge ndani hana muda wa kuzungushwa. Balbu mbili za kawaida za halojeni aina ya PAR38, zikifungwa kwenye holda za kauri na kuendeshwa na themostati (kidhibiti joto) inayofifisha mwanga, zimeiacha mbali sana ile seti iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwamba imetengenezwa kwa ajili ya reptilia. Nimezitumia zote mbili kwa mnyama yuleyule, ndani ya kizimba kilekile, na tofauti yake naiona kila asubuhi.

Mnyama mwenyewe ni kenge wa savana, Varanus exanthematicus, mkubwa tayari, anakaribia mita moja kutoka puani hadi ncha ya mkia. Tunamwita Sultani. Asili ya jamaa zake ni mbuga za Afrika, kusini mwa Sahara, kwenye jua kali juu na mashimo yenye unyevu chini. Mwili wake hauzalishi joto la kutosha kujiendesha. Ili awinde, ameng'enye chakula na apambane na maradhi, lazima aupandishe mpaka nyuzi 35 hadi 38 hivi, na joto hilo alipate kutoka nje ya mwili. Ndiyo maana uso wa jiwe analootea unatakiwa ufike nyuzi 50 hadi 60, hata zaidi kidogo. Mtu akisikia hivyo mara ya kwanza hushtuka, anadhani ni kumkaanga. Sivyo. Kenge huja, huchukua joto lake, huondoka. Kitakachomuumiza ni kukosa pa kuondokea, au kukaa na tumbo lililojaa ndani ya kizimba cha vuguvugu, chakula kikaoza badala ya kumeng'enywa.

Sasa ile seti. Ndani ya boksi kulikuwa na balbu moja ya mwanga mwembamba, holda ya plastiki, themostati ya kuwasha na kuzima tu, na jiwe la umeme la kulalia. Balbu ilimulika mduara usiozidi kiganja. Kwa mjusi mdogo wa kukaa mkononi ingetosha. Kwa Sultani ilikuwa inampiga katikati ya mabega tu, kiuno na mapaja vikibaki baridi. Hili ndilo jambo ambalo watengenezaji wengi hawalisemi: mnyama mkubwa anayeoteshwa sehemu moja ya mwili huendelea kukaa pale pale, kwa sababu mwili kwa jumla bado haujapata joto, na huku ngozi ya mgongo inaungua taratibu. Wahenga walisema kenge hasikii mpaka atoke damu masikioni. Kwa habari ya joto, usimsubiri asikie. Jukumu la kuzuia ni lako.

Jiwe la umeme sikulichomeka kabisa, na sitamshauri mtu alichomeke. Jua hutoka juu. Kenge amezoea kupokea joto mgongoni, na mawe ya namna hii yanajulikana kwa kuunguza matumbo ya wanyama ambao hawakunyanyuka kwa wakati. Holda ya plastiki nayo ilianza kubadilika rangi ukingoni, ikawa ya kahawia, na ikiwashwa kwa muda ilitoa harufu ya plastiki inayoungua. Kwa hilo peke yake seti nzima naipa sifuri. Kitu kinachokaa saa nyingi kwenye moto ndani ya sanduku la mbao hakipaswi kuwa na plastiki karibu na balbu.

Tuje kwenye halojeni. Hiyo 38 katika jina lake ni kipenyo cha balbu kwa kuhesabu sehemu za nane za inchi, yaani uso wake una upana wa sentimita 12 hivi. Kioo ni kinene, na ndani kuna kiakisi kinachosukuma mwanga na joto mbele. Ukinunua, chagua zile za mwanga mpana, si za doa. Mimi natumia mbili za wati 80, nimezifunga bega kwa bega, sentimita 35 juu ya jiwe, duara zake zikipandana katikati. Nikilenga kwa bunduki ya kupimia joto, katikati ya jiwe nasoma 58, nikisogea kuelekea kingo napata 52, kisha 47, na sehemu yote hiyo inamtosha kuanzia shingoni hadi kwenye mzizi wa mkia. Hicho ndicho kipimo cha kuangalia: je, joto linamfunika mwili mzima ukiacha mkia? Kama halimfuniki, ongeza taa, usiongeze wati. Taa moja yenye nguvu kubwa inarudisha tatizo lilelile la kuunguza bega.

Kuhusu bunduki hiyo, usiache kuinunua, hata kama ni ya bei ya chini. Kipimajoto cha kubandika ukutani hupima hewa au ukuta, na kenge halali ukutani. Ila ilenge kwenye jiwe, mbao au udongo. Ukiilenga kwenye chuma kinachong'aa itakudanganya.

Nilichokipenda zaidi katika halojeni ni aina ya joto lenyewe. Sehemu kubwa ya joto la jua linalotufikia ni miale ya infraredi, isiyoonekana kwa macho, ya mawimbi mafupi, ile inayoitwa infraredi A, ambayo hupenya ngozi na kuingia kwenye misuli. Halojeni hutoa miale hiyo kwa wingi. Kipasha joto cha kauri hutoa hasa infraredi C, ya mawimbi marefu, inayoishia juu juu ya ngozi. Unaweza kuona tofauti kwa macho. Asubuhi taa zikiwaka, Sultani hutoa kichwa shimoni, hulamba hewa kwa ulimi wake uliogawanyika, kisha hupanda juu ya jiwe na kujitandaza. Mbavu zinafunguka, tumbo linakuwa bapa, miguu ya nyuma anaivuta nyuma nyayo zikitazama juu. Rangi yake ya kijivu hukolea. Halafu ghafla hunyanyuka na kuanza kuchimbachimba akitafuta mende. Chini ya ile balbu ya zamani alikuwa anaganda pale kwa muda mrefu na bado akishuka anatembea kwa uzito. Mkia, nimeona, mara nyingi huuacha kivulini.

Themostati inahitaji maneno zaidi, maana hapa ndipo watu wanapotupa pesa. Ziko za aina tatu. Ya kuwasha na kuzima hukata umeme wote joto likifika, kisha huurudisha. Kwa balbu hilo ni balaa: mwanga unakatika na kurudi mchana kutwa, mnyama anakosa utulivu, na uzi wa balbu unachoka upesi kwa sababu kila inapowashwa ikiwa baridi hupokea mkupuo wa umeme. Ya mapigo, inayotuma umeme kwa vipande vifupi vifupi, inafaa vipasha joto visivyotoa mwanga. Ya kufifisha hupunguza na kuongeza umeme polepole, na ndiyo ya kununua kwa halojeni. Yangu inafanya kazi bila kelele, na balbu inayoendeshwa chini kidogo ya nguvu yake kamili hudumu zaidi.

Ina kasoro mbili, nazisema wazi. Kwanza, haipangiki zaidi ya nyuzi 40. Huwezi kuweka kihisi chake juu ya jiwe la nyuzi 58 ukategemea kitaelewa. Ufumbuzi ni kukibana kwenye ukuta wa upande wa joto, pembeni ya mwanga, kisha kupandisha kipimo hatua kwa hatua huku ukisoma jiwe kwa bunduki. Kwangu, kihisi kikisoma 36 jiwe liko pale ninapopataka. Kizimba chako kitakuwa na namba yake. Pili, haina kengele ya hatari. Kihisi kikichomoka na kuangukia upande wa baridi, themostati itaamini kizimba kimepoa na itafungulia taa mpaka mwisho. Kenge ana makucha ya kuchimbia na nguvu za kung'oa, kwa hiyo waya wa kihisi uufunge kwa vibanio vya skrubu, si kwa gundi wala utepe. Mtengenezaji aliweka kikombe kidogo cha kunyonyea kwenye kioo. Kwa kenge hakifai hata kidogo.

Kwa usiku nimeweka kipasha joto cha kauri kwenye themostati ya mapigo, kikizuia hewa isishuke chini ya nyuzi 22. Kinafanya hicho tu na kinakifanya vizuri. Hakitoi mwanga, hivyo hakimsumbui akilala, tofauti na zile balbu nyekundu ambazo bado zinauzwa kwa madai kwamba mnyama hazioni. Uso wa kipasha hicho huwa wa moto kupita kiasi, basi kikinge kwa wavu wa chuma. Halojeni pia zikinge. Sultani alishawahi kuruka kutoka kwenye gogo mpaka karibu na dari, jambo ambalo usingelitegemea kwa mnyama mnene hivyo.

Hakuna taa itakayokusaidia kama kizimba chenyewe ni tangi la kioo lenye wavu juu. Joto na unyevu vyote vinapaa. Halojeni hukausha hewa, hilo halina ubishi, na kenge wa savana anahitaji udongo mzito wa kuchimbia, sentimita 60 kwenda chini, unaoshika maji ili shimo lake lisikauke. Kizimba cha Sultani ni cha mbao zilizopakwa rangi ya kuzuia maji, mita 2.4 kwa 1.2 kwa 1.2, na urefu huo ndio unaoufanya upande wa pili ubaki kwenye 26 wakati jiwe linawaka. Katika kizimba kifupi, taa hizi mbili zitapasha kila kona na atakosa pa kukimbilia. Kama nafasi hiyo huna, usinunue taa kwanza.

Halojeni pia haitoi UVB, yaani miale ya urujuanimno kama ya jua, kwa hiyo taa ya UVB inabaki palepale, pembeni ya sehemu ya kuotea, bila kioo katikati.

Kwa jumla: halojeni nyota tano, themostati ya kufifisha nyota nne, kauri nyota nne kwa kazi ya usiku pekee. Balbu hizi zinaanza kuadimika kwa sababu nchi nyingi zinaziondoa sokoni ili watu watumie LED, na LED haitampa kenge joto lolote la maana. Ukizikuta, chukua za akiba. Moja ikiungua badilisha zote mbili kwa pamoja, kisha lisome jiwe upya kwa bunduki kabla hujamruhusu mnyama kupanda.