Dawa za siti za ngozi: ile inayong'aa iache dukani

"Dada, hapa rangi haishiki."

Fundi siti alikuwa amepaka eneo la kiganja kimoja tu, ubavu wa kulia wa kiti cha dereva, pale unapopasugua kila ukiingia na kutoka. Rangi ilikuwa imejikusanya matone matone na kuacha vishimo kama makovu ya ndui. Akaifuta kwa kitambaa, akapaka tena, ikakimbia vilevile. Akaniuliza nilikuwa napaka nini. Nikamtajia. Akatikisa kichwa, akaanza kufunga mkebe wake.

Gari ni Harrier, ile ambayo Dar nzima inaiita tako la nyani, siti zake rangi ya chai ya maziwa. Ilipofika kutoka Japani ngozi ilikuwa imechoka lakini nzima. Kwa karibu mwaka mmoja nikawa nazipulizia dawa niliyouziwa Kariakoo kwa shilingi 18,000, chupa yenye picha ya kiti kinachowaka kama kioo. Kila Jumamosi. Nilidhani nazitunza. Kumbe nilikuwa naziwekea ukuta, na siku nilipotaka kuzirudishia rangi, huo ukuta ndio uliomshinda fundi.

Tangu nilipoeleza kisa hiki kwa mara ya kwanza, wasomaji wamekuwa wakiniandikia malalamiko yanayofanana: siti zinateleza, gauni jeupe limetoka na alama mgongoni, vumbi limeganda kwenye mishono halitoki. Kwa hiyo mwongozo huu hautazungumzia harufu, ukubwa wa chupa wala kama dawa inatoa povu zuri. Hayo muuzaji atakueleza bila kuulizwa. Mimi nakuuliza jambo moja tu: dawa ikishakauka, inaacha nini juu ya kiti?

Sababu ni hii. Ngozi ya siti za magari mengi tunayoendesha haiko wazi kama ya kandambili za Kimasai. Imepakwa rangi, na juu ya rangi ikawekwa tabaka jembamba la kinga. Dondoshea tone la maji: likikaa juu bila kuzama, kiti chako kina hilo tabaka. Sasa mtu akikwambia dawa yake "inalisha ngozi", mwulize inapita wapi. Kwenye kiti kizima haipiti. Inakaa juu. Ikiwa ni silikoni, kile kimiminika kinacholeta mng'ao, haikauki ikaisha. Inabaki pale kama utando, inashika vumbi la barabarani na jasho, na inajificha kwenye mishono na vile vitundu vidogo vya katikati ya kiti. Siku ukitaka kupaka rangi, rangi inaikataa.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, geuza chupa usome nyuma. Ukiona neno linaloishia na "siloxane" au "methicone", irudishe. Kama nyuma hakuna orodha yoyote, dondoshea tone moja kwenye kipande cha kioo nyumbani kabla ya kugusa kiti, ukiache mpaka kesho. Pitisha kidole. Kidole kikiteleza kama umegusa mafuta ya nywele, hiyo chupa mpe mtu anayetaka kung'arisha matairi.

Nyingine nisisitize: kagua kama kiti chote ni ngozi kweli. Magari mengi yana ngozi pale unapokalia na kuegemea tu, huku ubavuni na nyuma pakiwa ngozi bandia. Mercedes wana yao inayoitwa ARTICO, BMW wana SensaTec, na ukiuziwa losheni ya ngozi kwa ajili ya hizo umetupa pesa. Zinataka kusafishwa tu.

Sasa dawa zenyewe. Ya kwanza: Colourlock. Sitajificha, hii ndiyo ninayoipenda na ndiyo iliyookoa siti zangu. Ni ya karibu na Göttingen, Ujerumani, na watu wake kazi yao ni ngozi, si kila kitu cha gari kuanzia rimu hadi kioo. Kuna dawa ya kusafishia isiyo kali na kuna kali; kwa siti kuukuu zenye uchafu wa miaka, chukua kali, ile Strong. Unaitia kwenye sifongo au brashi laini, unaikamua mpaka iwe povu tupu, ndipo unasugua. Usimwagie kiti. Maji yakipita kwenye vitundu yanaingia kwenye sponji ya ndani, na huko kuna nyaya za vihisi (sensor) na, kwa baadhi ya magari, za kupashia joto.

Lakini uzuri wake hauishii kwenye kusafisha. Wana rangi, Leather Fresh, ambayo wanakuchanganyia ifanane na kiti chako. Nililegeza kitambaa chini ya kiti cha nyuma, nikakata kipande cha ngozi kama sarafu ya shilingi 200, nikampa ndugu yangu aliyekuwa anarudi Ujerumani. Rangi iliporudi niliiweka kando ya mshono mchana kweupe, sikuona tofauti.

Kabla ya rangi ilibidi niondoe ule utando. Hapa ndipo nilipojua ukubwa wa kosa langu. Wana spiriti maalumu ya kutolea mafuta. Nilifungua milango yote minne, sikuwasha hata kiberiti karibu, nikapitisha mara tatu kwa kitambaa cheupe. Mara ya kwanza kitambaa kilitoka na rangi ya mchuzi wa maharage. Kwenye mishono nilitumia sindano butu, polepole nisikate uzi, na uchafu ulitoka vipande virefu, mweusi, laini kama nta. Vitundu vya kiti cha dereva nilivipitia kimoja kimoja kwa kijiti cha meno. Nilianza saa tatu asubuhi, nikamaliza adhana ya alasiri ikilia.

Baada ya hapo msasa laini wa pedi yao, kugusa tu, kisha rangi kwa sifongo kidogo kidogo, tabaka jembamba, kukausha kwa mashine ya nywele, tabaka jingine. Ikashika. Nilikaa kwenye kizingiti cha mlango wa gari nikiitazama kwa muda. Ule ufa mkubwa wa ubavuni bado unaonekana ukiinama, kwa sababu rangi haizibi ufa uliopasuka hadi chini; kwa huo unahitaji dawa yao ya kuzibia, na mimi sikuwa nimeiagiza. Mwisho ni Leather Protector, ambayo haing'ai hata kidogo. Kiti kinakuwa kama kiti kipya: hakina mng'ao, kikavu ukikigusa. Ngozi ya gari jipya haimeremeti, na sijui nani alituaminisha kinyume.

Ya pili: Lexol ya Marekani. Ina chupa ya kusafishia na chupa ya kupaka, usizichanganye. Ya kusafishia naiamini: haina ukali wa sabuni ya kufulia, na ukipitisha kitambaa chenye unyevu inaondoka. Ile ya kupaka ni mafuta yaliyochanganywa na maji, kwa hiyo weka kidogo sana, subiri, kisha futa kwa kitambaa kikavu hadi kiganja kisihisi kitu. Kama rangi ya kiti chako bado iko sawa na unachotaka ni usafi tu, hii inakutosha, huna haja ya kusumbua watu wa Ulaya.

Ya tatu: Autoglym ya Uingereza. Leather Cleaner yao inafanya kazi. Sina ugomvi nayo, ila haikufikishi kwenye kurudisha rangi, na kwa siti kuukuu hapo ndipo penye shida.

Za bei ndogo: shampuu ya mtoto, kifuniko kimoja cha chupa kwenye lita moja ya maji, povu tu, kisha kitambaa chenye maji safi. Basi. Sabuni ya unga na ya kipande ziache. Ni kali kwa ngozi, ambayo kwa asili yake iko upande wa asidi. Dawa ya meno na magadi ni msasa, vinakwangua ile kinga. Mafuta ya nazi pika nayo samaki. Dawa ya viatu itahamia kwenye suruali yako.

Sasa nieleze kinachoniuma. Dukani nilikonunua ile chupa, nilirudi na kitambaa kichafu mkononi. Muuzaji hakukana. Alisema, "Mama, wateja wanataka king'ae." Akanionyesha nyingine, ya bei juu zaidi, nayo inang'aa. Kwenye duka la tatu siku hiyo nilikuta chupa imebandikwa karatasi ya bei juu ya orodha ya viambato, nilipoanza kuibandua nikaambiwa ninaharibu mali. Kwingine dawa imemiminwa kutoka kwenye dumu hadi kwenye chupa zisizo na jina, na ukiuliza ni nini unajibiwa "orijino". Orijino ya nani? Na bei inabadilika ukija na funguo ya gari mkononi. Nimejaribu: niliingia na funguo, nikaambiwa 45,000, mdogo wangu akaingia baada yangu akiwa mikono mitupu, akaambiwa 28,000. Chupa ileile, rafu ileile.

Na wanaoosha magari wetu, ambao nawapenda kwa kazi yao ngumu juani, wanapuliza bila kuuliza. Wengine wanapuliza hadi usukani na pedali, jambo la hatari, mguu ukiteleza kwenye breki hakuna wa kukulipa. Mimi sasa nawaambia kabla hawajafungua mlango: ndani ni kufuta vumbi kwa kitambaa chenye unyevu tu. Mmoja alinijibu, "Basi dada, gari halitapendeza." Nikamfungulia mlango wa dereva, akaweka kiganja juu ya kiti, akakiacha hapo.

Kiti cha abiria wa mbele bado sijakigusa. Chupa ya rangi niliyoletewa ilikuwa ndogo, ya mililita 30, ikaishia kwa dereva. Ndugu yangu anakuja Desemba, nimemwomba ya mililita 150 na ile dawa ya kuziba nyufa.