Kigoda cha Kiasante kinachouzwa Bagamoyo: kazi safi, kikaratasi kimekosea

Mafundi wa Bagamoyo siku hizi wanachonga na vigoda vya mtindo wa Waasante wa Ghana. Hiki cha mninga, kimo sentimita 38 na kikalio sentimita 52, kinauzwa shilingi 90,000 kwenye duka moja la vinyago mjini.

Mkono wa fundi ni mzuri. Kitako, nguzo za kati na kikalio kilichopinda vimetoka gogo moja, bila gundi wala msumari. Kipindue: alama za tezo zipo, na mistari ya mbao inafuatana toka chini hadi juu. Ila kagua ncha za kikalio. Ni nyembamba, zinakauka kabla ya sehemu ya kati, na gogo likichongwa bichi na kiini chake kikiachwa ndani, ufa unaanzia hapo. Ukiona kiini kwenye ncha, chagua kingine.

Kikaratasi kilichofungwa nacho kinasema: "Akikaliaye ndiye mfalme." Si kweli, na hili linauma kwa sababu wageni wanaondoka wakiliamini. Kigoda kitakatifu cha ufalme wao, Sika Dwa Kofi, yaani Kigoda cha Dhahabu, hakikaliwi na yeyote, hata Asantehene, mfalme wa Waasante, mwenyewe. Gavana wa Kiingereza, Frederick Hodgson, alipokidai akikalie mwaka 1900, Yaa Asantewaa, mama mkuu wa Ejisu, aliongoza vita dhidi ya Waingereza.

Kwa Waasante, cheo cha chifu hupitia tumboni mwa mama, jambo ambalo Wakwere na Wazaramo wa hapa hawahitaji kufafanuliwa: mrithi ni ndugu wa mama mmoja au mpwa, si mwana. Ohemaa, mama mkuu wa ukoo, ndiye anayependekeza jina. Wazee wateuzi hulikubali au hulikataa. Ugomvi huzuka nyumba mbili za ukoo mmoja zinapodai zamu, wazee wanapomruka ohemaa, au wanawake wawili wanapodai uohemaa. Kwa kuwa ardhi ya jamii iko chini ya kigoda, yaani mamlaka ya chifu, machifu wawili wanaoshindana huweza kuuza kiwanja kimoja kwa watu wawili. Kesi hupanda kutoka kamati za mabaraza ya machifu hadi Mahakama ya Juu.

Tena si Ghana yote inayotawazwa kwa kigoda. Machifu wa Wadagomba wa kaskazini hukalia ngozi ya mnyama. Mvutano wa nyumba zao mbili za kifalme, Abudu na Andani, ulimuua mfalme wao, Ya-Na Yakubu Andani II, Machi 2002, na Ya-Na mpya akapatikana Januari 2019.

Tukirudi dukani, kigoda cheusi cha shilingi 110,000 usikinunue. Kimepakwa rangi ya viatu, inayochafua kanzu. Kwa Waasante, kigoda hutiwa weusi wa masizi na kiini cha yai chifu mwenye nacho akishafariki akiwa madarakani, kikawekwa kwenye chumba cha wahenga. Aliyeondolewa kitini hapewi heshima hiyo.

Chukua cha kahawia, kipake nta, kiepushe na jua. Usipokikalia, kilaze ubavu, kama Waasante wenyewe wafanyavyo, roho ya kupita isije ikaketi.