Crusader Kings III: ndugu yako anataka kiti barazani

Wengi hulinunua gemu hili kwa ajili ya vita. Vita vimo, lakini mimi viliniishia hamu mapema: unakusanya askari, unawaelekeza kwenye ngome ya adui, na mara nyingi mwenye jeshi kubwa ndiye anayeshinda. Kinachonikesha ni ukurasa mmoja, ule wa baraza. Nitaandika zaidi kuhusu huo, maana wanaolisifu gemu hili huupita haraka.

Kwa asiyelijua: limetengenezwa na Paradox, kampuni ya Stockholm, likatoka Septemba 2020 kwa kompyuta, na mwaka 2022 likafika kwenye PlayStation na Xbox. Huchezi nchi, unacheza ukoo. Unachagua mtawala wa mwaka 867, 1066 au 1178, mkubwa au mdogo, na unaweza kwenda naye na wanawe na wajukuu mpaka 1453. Ukifa, unaendelea ukiwa mrithi wako. Ukikosa mrithi wa ukoo wako, umekwisha.

Baraza lina viti vitano, na mke au mume wa mtawala ana nafasi yake ya kusaidia. Waziri anatunza uhusiano na majirani pamoja na makabaila wako. Mtunza hazina anakusanya kodi au anaendeleza wilaya unayomtajia. Amiri ana jeshi, na pia ndiye anayetuliza wilaya iliyotekwa juzi. Kasisi, pamoja na sala, anaweza kutumwa kukuandalia madai ya kughushi juu ya ardhi ya jirani, yaani anakutengenezea sababu ya vita kwa wino na karatasi. Kwa Wakatoliki huyu hafukuziki. Akikuchukia, mapato na askari wa ardhi za kanisa vinakauka, nawe huna la kufanya zaidi ya kumbembeleza kwa zawadi. Wa tano ni mkuu wa majasusi.

Kila mmoja ana alama za uwezo, na kwa macho ya haraka unadhani kazi yako ni kumchagua mwenye alama kubwa. Sivyo. Makabaila wakubwa wanadai viti kwa sababu ya ukubwa wao, wawe wanajua kazi au hawajui. Ukimnyima, ananuna, akinuna sana, anatafuta wenzake na kuunda kundi la kukung'oa au la kumpandisha mtu mwingine mwenye damu ya kifalme. Kwa hiyo unajikuta na mtunza hazina asiyeweza kuhesabu mbuzi wake mwenyewe, na unamwacha hapo kwa sababu ana askari elfu mbili. Sijaona gemu lingine lililonieleza siasa za jumba la kifalme vizuri hivyo.

Nikupe mfano wa mchezo wangu ninaoupenda zaidi. Nilimchukua William, mtawala wa Normandy huko kaskazini mwa Ufaransa. Gemu linaanza tarehe 15 Septemba 1066, siku kumi kabla ya Harald Hardrada, mfalme wa Norway, kuuawa vitani pale Stamford Bridge, na wiki chache kabla ya Hastings, vita vilivyompa William wa kweli taji la England. Madai ya watu watatu juu ya kiti cha England yako mezani tayari, na majeshi yameshaanza kutembea. Nilishinda, William akavaa taji, akafa mzee kitandani. Hapo ndipo mambo yalipoanza.

Sheria ya mirathi unayoanza nayo ni ya kugawana. Kila mwana anapata fungu lake, na ile ya mmoja kurithi vyote haifunguki mpaka zama za mwishoni mwa gemu. Robert, mkubwa, akapata ufalme. Mdogo wake William akapata Normandy, akabaki chini ya kaka yake kama kabaila. Kabaila mkubwa kuliko wote, kwa hiyo anadai kiti. Na kwa bahati ya gemu, alama zake za juu kabisa zilikuwa za fitina. Nafasi iliyomfaa ilikuwa moja tu: mkuu wa majasusi, yule ambaye kazi yake ni kuzigundua njama za kumuua mfalme.

Fikiria uzito wa jambo hilo. Ukimweka, umemkabidhi usalama wako mtu mwenye sababu zote za kukutaka ufe. Ukimnyima, anaanza kuhesabu marafiki. Mtu mwingine aliyekuwepo kwa kazi hiyo alikuwa mzee mmoja mwenye alama za kusikitisha. Nilimweka ndugu, nikamwoza binti wa upande wangu, nikamtumia fedha. Robert alikufa katika mazingira ya kutiliwa shaka, akaacha mtoto mdogo wa kiume.

Tangu mwaka 2023 gemu lina utaratibu wa kaimu mtawala, na umeongeza utamu kweli. Mtoto akirithi, mtu mzima anashika madaraka kwa niaba yake, na kuna mizani inayoonyesha nguvu zimeegemea kwa nani. Kaimu wangu alikuwa, bila shaka, baba mdogo wa Normandy. Miaka ile yote ya utoto nilicheza kwa unyenyekevu mkubwa. Nilipofikia umri nikaweka mkuu mpya wa majasusi, nikampa kazi ya kutafuta siri ndani ya jumba langu mwenyewe, na baada ya muda siri ikatoka: baba mdogo ndiye aliyemuua kaka yake.

Ungeweza kumkamata, na sheria ingekuwa upande wako. Lakini Normandy ina jeshi. Nilichagua kumtisha kwa siri hiyo. Mtu uliyemshika pabaya kiasi hicho hawezi kujiunga na kundi la kukupinga, na kiti cha amiri anakifanyia kazi vizuri tu. Wakakaa meza moja miaka mingi, muuaji na mtoto wa aliyeuawa, huku kila mmoja akijua. Hakuna aliyeandika hadithi hiyo. Imetokana na alama, tabia na madai ya watu kugongana.

Tabia nazo si pambo. Mfalme mwenye huruma akinyonga wafungwa anapata msongo wa mawazo, na ukizidi anaweza kuangukia ulevi au kupatwa na jambo baya zaidi. Kwa hiyo mshauri anayekupa ushauri wa busara anaweza kuwa anakuumiza, kwa sababu mfalme uliye naye si mtu wa kuweza jambo hilo.

Sasa upande ambao hauniridhishi. Taji hapa linahama papo hapo: mfalme anakata roho, sheria inasoma orodha, mrithi ameketi. Historia ya watu hawa hawa inaonyesha vingine. William wa kweli alipokufa Septemba 1087, mkubwa Robert alipewa Normandy na mdogo wake William, aliyeitwa Rufus, akapata England, kinyume na gemu linavyogawa. Henry, mdogo wao, aliachiwa fedha. Mwaka uliofuata Odo, askofu wa Bayeux na ndugu wa kwa mama wa marehemu, akaongoza uasi wa makabaila waliomtaka Robert. Rufus alipopigwa mshale mawindoni tarehe 2 Agosti 1100, Henry alikuwa kwenye msafara ule ule. Alikimbilia Winchester kwenye hazina, akaitia mkononi licha ya ubishi wa walioona haki ni ya Robert, na siku tatu baada ya kifo alikuwa amevikwa taji Westminster. Ranulf Flambard, aliyekuwa akimkamulia Rufus kodi, akatupwa kwenye Mnara wa London, na mwaka uliofuata akatoroka.

Siku zile tatu hazimo kwenye gemu. Na ndizo siku za washauri: nani ana funguo za hazina, askofu gani yuko karibu, nani atashikilia farasi. Roger, askofu wa Salisbury, alimwapia Matilda, binti wa Henry, kuwa atamtambua baada ya baba yake, kisha mwaka 1135 akamuunga mkono Stephen, mpwa wa Henry, na mwaka 1139 Stephen huyo huyo akamkamata. Ndani ya gemu Roger angekuwa alama ya chini ya uaminifu na kundi la waasi miaka miwili baadaye. Ningependa kucheza zile siku tatu zenyewe.

Kwetu pwani tungekuwa na la kuchangia. Kilwa, kwa mujibu wa historia yake, ilifikia mahali mawaziri na maamiri wakawa ndio wanaoweka masultani, na Vasco da Gama alipotia nanga mwaka 1502 aliyekuwa akitawala ni Amiri Ibrahim. Ni baraza lililomeza kiti chenyewe! Ila ramani inakomea kaskazini mwa kwetu, na hata hivyo gemu linafunga 1453.

Mambo ya matumizi, kwa ufupi. Maandishi ni mengi mno, na Kiswahili hakimo katika lugha zake, kwa hiyo ukichoka kusoma Kiingereza utachoka na gemu. Kompyuta isiyo na nguvu italifungua, ila kadiri karne zinavyokwenda na watu kuongezeka linazidi kuwa zito. Kulipakua kunakula bando, lakini likishaingia unacheza peke yako bila intaneti. Nyongeza zinauzwa kando na jumla yake si ndogo. Usizinunue mwanzoni, kwani hadithi yote niliyosimulia hapo juu haihitaji hata moja. Subiri punguzo la bei, huja mara kwa mara.

Ukianza, gemu lenyewe litakupeleka kwa Murchad, mfalme mdogo wa Munster huko Ireland, mwaka 1066. Mkubali. Majirani zake ni wanyonge, jumba lake ni dogo, na washauri wake wachache unaweza kuwasoma mmoja mmoja kabla ya kupata wana wengi. Kabla hujamtuma kasisi kughushi karatasi yoyote, fungua ukurasa wa mkuu wa majasusi uangalie anakuonaje na ana undugu na nani.