Kitana cha viroboto cha 350, angalia hiyo tishu!

Haya niaje watu wangu, karibuni tena kwa chaneli, leo tuko nyuma ya nyumba hapa Section 58 Nakuru na huyu anajikuna kama anapiga gitaa ni mbwa wangu Simba. Mmenisumbua sana kwa komenti kuhusu hiki kitana cha viroboto. Nimekitoa agroveti moja hapa tao kwa 350. Meno ya chuma, yamebanana, hayo mnajionea, mimi nataka muone kitu kimoja tu. Kevo sogeza kamera. Sogeza, hauumwi.

Naanzia hapa mkia unapoanzia, huu ndio mtaa wao, hapa na shingoni. Nachana polepole hadi kwa ngozi... ona hivyo vidoti vyeusi, kama pilipili manga imesagwa. Utasema ni vumbi, na vumbi Nakuru tunalo jamani, lakini ngoja, nakung'uta kwa hii tishu nyeupe, nimeilowesha. Msirukishe video. Ngojeni... eeeh! Imegeuka rangi ya kutu, mnaona inavyosambaa? Hayo ni mavi ya kiroboto, yaani hiyo ni damu ya Simba! Vumbi hata uliloweshe mpaka kesho halitoi hiyo rangi.

Na kiroboto mwenyewe huyu hapa kwa meno ya kitana. Usimbane na vidole, juzi nilibana mmoja nikajua nimemaliza, kufungua tu akaruka. Chovya kitana kwa maji yenye sabuni ya vyombo, maji matupu ataelea tu akikuangalia, sabuni ndio inamzamisha. Kwaheri.

Kitu kinaniudhi ni huu mpini, wiki ya pili umeshalegea, sikia, kwa-kwa-kwa. 350 hiyo! Ingawa bado ni afadhali kuliko kola niliyonunua barabarani, ikanukisha nyumba nzima dawa ya mende na viroboto wakaendelea na maisha. Halafu tumebakisha watu 12 tufike elfu moja, bonyeza hapo chini bana.

Nilikuwa niseme kitana kinatosha lakini wacha, hakitoshi. Kiroboto jike mmoja anaweza kutaga hata mayai 40 kwa siku, na hayashiki kwa manyoya, yanadondoka kwa gunia analolalia Simba, kwa kapeti, kwa nyufa za sakafu, so wewe unachana huku wenzao wanaanguliwa kule. Gunia la Simba nafua na maji moto kila wiki, nafagia mpaka kwa kona, na dawa ya matone bado nitanunua kwa daktari wa mifugo, lakini mbwa apimwe kilo kwanza. Na kama una paka, dawa ya mbwa yenye permethrin usimpake, inaweza kumuua, hapo sicheki.

Wiki ijayo tunajaribu ile poda mnayoisifu, niko na maswali mengi sana na... Simba! Wewe Simba usinywe hayo maji! Kevo zima, zima kamera!