Focusrite Scarlett 2i2 kwa kurekodi nyumbani, uzoefu wangu (sauti na udi)

Mimi natumia Scarlett 2i2 toleo la tatu hapa Mombasa na kila anayetaka kununua intafesi, yaani kile kisanduku cha kuingiza maiki kwa laptopu, swali lake la kwanza huwa "ina efekti ngapi?", yaani mwangwi na mapambo mengine ya sauti. Haina hata moja, na ndo sababu naipenda.

Rafiki yangu aliwahi kuniazima mikseri ya USB ya bei rahisi imejaa mwangwi wa kila aina, ukiimba waskia raha kweli, lakini ile yatuma kwa laptopu sauti ishachanganywa na mwangwi wake, sasa kesho ukiskiza ukaona umezidi huna la kufanya, ushaingia kama chumvi kwa mchuzi, labda uimbe upya. Scarlett yarekodi kavu, riverbu (ndo huo mwangwi) na kompresa (yasawazisha sauti kubwa na ndogo) watia baadaye, ukibadili nia waondoa. Programu yangu ya kurekodi ni Reaper, wanakupa siku 60 za kujaribu na leseni ya mtu binafsi ni dola 60, efekti zake zatosha kabisa, nikitaka mwangwi mrefu natia Valhalla Supermassive ambayo ni bure.

Sasa shida iko kwa muimbaji. Waimbaji wetu wa taarab ukiwavisha hedifoni wasiskie mwangwi hata kidogo, sauti yajikaza, hawafunguki wallahi, na direct monitor ya Scarlett, ile ya kujiskia moja kwa moja bila kupitia laptopu, yatoa sauti kavu tu. Mimi naizima hiyo, nashusha bafa (kipande cha sauti laptopu yakusanya kabla ya kukishughulikia) hadi sampuli 128 kwa 48 kHz, yaani sampuli 48,000 kwa sekunde, hapo bafa yenyewe yachelewesha kama milisekunde 2.7 kuingia na nyingine kama hizo kutoka, kisha naweka riverbu nyepesi kwa traki, muimbaji aiskia na faili labaki kavu. Kwa Windows lazima uweke draiva ya ASIO (programu ndogo ya kupitisha sauti bila kuchelewa sana) ya Focusrite wenyewe, na laptopu ikianza kukwaruza panda hadi 256.

Geini yake, yaani nguvu ya kukuza sauti ya maiki, mwisho ni 56 dB. Kwa maiki ya Shure SM58 iliyo karibu na mdomo ni sawa tu, lakini kama maiki yako ni SM7B, ambayo yataka geini nyingi, na waimba taratibu, tafuta toleo la nne ambalo lafika 69.

Kwa udi natumia maiki ya kondensa, hapo wawasha 48V, umeme ambao maiki hiyo yahitaji kutoka kwa kisanduku, na kwa kitufe cha Air, kinachoongeza ung'avu, nyuzi zang'aa vizuri mno!! Kwa sauti yenye "s" kali naizima. Ila kondensa yaskia kila kitu, tuktuk, jirani, na feni, na wakati wa kaskazi kuzima feni si mchezo jamani lakini zima tu, manake ukikata kwa programu sauti nzito za chini ya 80 Hz waondoa ule mvumo mzito peke yake, upepo wabaki. Na kwa udi usikate juu hivyo, uzi mnene kabisa washuka hadi kama 65 Hz.

Umeme wake watoka kwa USB, kwa hivyo stima ikipotea waendelea na betri ya laptopu. Ukiskia mngurumo kwa hedifoni, chomoa chaja kwanza uskize tena, mara nyingi watokea huko.