Uzoefu wangu na mashine ya mauzo katika agroveti, Bungoma

Nina agroveti upande wa Kanduyi: mbegu, mbolea, dawa za mifugo, chakula cha kuku. Kwa miaka mingi mauzo yote yaliandikwa daftarini. Siku hizi natumia mashine ya kisasa yenye skrini ya kugusa, skana, droo ya pesa na printa ndogo ya risiti, nayo imevuka nami msimu mzima wa kupanda. Wenzangu wa maduka huniuliza kama inafaa. Inafaa sana. Wanaoziuza husifu kasi yake. Mimi naisifu kwa hesabu ya stoo.

Chukua mbolea ya kupandia. Gunia la DAP ni kilo 50, lakini wateja wangu wengi wana vishamba vidogo na hununua kilo mbili, tano, kumi. Daftari lilinionyesha pesa iliyoingia, si kilichobaki guniani. Kwenye mashine, gunia likifunguliwa linageuzwa kuwa kilo, na kila tukipima zinapungua. Jioni mashine ikisema zimebaki nane na mizani ikasema saba, najua moja imemwagika au imepimwa kwa mkono wa ukarimu. Kijana wangu wa kaunta naye anaona hesabu ile ile. Zamani mazungumzo hayo yalianza kwa shaka, na shaka imewafukuza wafanyakazi wengi waaminifu katika maduka ya mji huu.

Halafu kuna tarehe. Mzigo ukifika naingiza siku ya mwisho ya matumizi, na dawa inayokaribia kuharibika hujitokeza kwa rangi nyekundu. Tunaiuza mapema, au naacha kuagiza nyingine. Mama aliyechanja kuku wake kwa chanjo ya kideri (Newcastle) iliyoharibika anaweza kupoteza banda zima, kwa hiyo jambo hili silihesabu kama faida ya duka peke yake. Ila mashine haijui kama friji ilizimika umeme ulipopotea usiku. Hilo ni lazima nilifuatilie mwenyewe.

Kuhusu KRA, mamlaka ya kodi, mashine yangu imeunganishwa na eTIMS, mfumo wao wa ankara za kielektroniki. Tangu tarehe 1 Januari 2024, biashara inayotaka gharama zake zikubaliwe kwenye hesabu ya kodi ya mapato huhitaji ankara ya eTIMS, isipokuwa kwa gharama chache zilizosamehewa. Ndiyo maana mwenye shamba kubwa au kampuni ya chakula cha mifugo huuliza risiti kabla ya kuuliza bei. Na kwa kuwa si kila bidhaa inatozwa VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 16, kila moja huwekwa kundi lake mara moja, kisha mashine inakokotoa.

Mkulima mdogo pia ananufaika. Akinunua pakiti ya mbegu hukwaruza kibandiko cha KEPHIS, shirika la serikali linalokagua mbegu, na kutuma zile tarakimu kwa SMS kwenda 1393 kuhakikisha ni halali. Namsihi atunze risiti pamoja na pakiti tupu, ili mahindi yasipoota aje na ushahidi wa siku na mahali aliponunua. Aipige picha kwa simu, maana maandishi ya karatasi hizi hufifia yakikaa juani.

Kazi ngumu ni mwanzo. Kuingiza kila bidhaa, na bei ya kununulia na ya kuuzia, huchosha kweli, na bidhaa za kupima hazina msimbo wa kuskani. Umeme wetu unahitaji mashine yenye betri, na programu inayoendelea kuuza bila intaneti kisha kutuma taarifa mtandao ukirudi. Muulize muuzaji hayo mawili kabla ya kulipa, na umwombe akuonyeshe huku ameichomoa kwenye soketi. Uliza pia ada ya programu kwa mwezi, kwa sababu bei ya mashine si gharama yote.

Kwa mwenye kibanda cha bidhaa chache, asiyesajiliwa kwa VAT, singemshauri akope anunue hii. Akibonyeza *222# kwenye simu yake atapata eTIMS ya kutoa ankara, na fedha zake zibaki kwenye mzigo.