Lisbon na familia: vilima, bajaji na dhahabu ya Kilwa

Wengi wanaopanga kwenda Lisbon na familia huuliza kwanza habari za tramu namba 28. Mtu wa pwani yetu mimi ningemwambia aanze na Museu Nacional de Arte Antiga, jumba la makumbusho lililopo Rua das Janelas Verdes. Humo mna dhahabu ya Kilwa, na jina la Kilwa limechorwa juu yake. Mengine ya mji ule ni mazuri na nitayaeleza, lakini hilo ndilo lililonikalisha chini kuandika.

Tulikuwa mimi, baba watoto, watoto wetu wawili wa shule ya msingi, na mama yangu mzazi. Sisi tunaishi Ujerumani. Mama ni mzaliwa wa Kilwa Kivinje, alikuja kutusalimia, nami sikutaka arudi nyumbani akiwa ameona sebule yetu na duka la jirani tu. Viza ya Schengen, yaani ya lile kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, aliyopewa kuja Ujerumani ndiyo hiyo hiyo iliyomfikisha Ureno, hakuhitaji nyingine. Hata kama viza ni ya kuingia mara moja, kutoka nchi ya Schengen kwenda nchi nyingine ya Schengen hakuhesabiwi kuwa umetoka. Cha kuangalia ni kwamba nchi iliyotoa viza ndiyo iwe nchi mnayokaa muda mrefu zaidi. Ada kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, mtoto wa kuanzia miaka 6 ambaye hajafikisha 12 analipiwa euro 45, na chini ya hapo ni bure. Bima ya safari iwe ya angalau euro 30,000 na itambulike nchi zote za Schengen.

Kwa ndege ni kama saa tatu. Uwanja wa ndege uko mjini kabisa, na metro ya laini nyekundu inaanzia hapo hapo. Kadi ya usafiri ya Navegante inauzwa senti 50 za euro, kisha unaijaza pesa. Kila mtu awe na yake, maana huwezi kupita getini wawili kwa kadi moja.

Mahali pa kulala tulichagua karibu na Praça de Espanha, si Alfama, mtaa wa kale ambako picha zote nzuri hupigwa. Sababu ni magoti ya Mama. Alfama ni ngazi juu ya ngazi, na njia zake zimetandikwa vijiwe vya chokaa ambavyo vimesuguliwa na miguu ya watu mpaka vinateleza hata pasipo mvua. Praça de Espanha ni tambarare, metro ipo, na msikiti mkuu wa Lisbon, uliofunguliwa mwaka 1985, uko jirani. Waislamu wengi walioanzisha maisha yao pale walitoka Msumbiji, hasa wakati wa uhuru wa mwaka 1975. Ijumaa tulikwenda kuswali, na upande wa wanawake Mama akakutana na bibi mmoja aliyekulia Pemba, ile Pemba ya Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji. Kireno hakijui Mama, na Kiswahili cha yule bibi kilikuwa kimepata kutu, lakini waliketi wakashikana mikono wakaulizana habari za samaki, bei ya nazi na nani bado yupo hai. Mimi na binti yangu tulisimama na viatu mkononi tukiwasubiri, na hatukuona shida kusubiri.

Sasa makumbusho. Chombo chenyewe kinaitwa Custódia de Belém. Ni monstransi, kile chombo ambacho Wakatoliki huwekea Ekaristi ili waumini waiabudu, na kazi yake inahusishwa na fundi Gil Vicente. Kilikamilika mwaka 1506 kwa amri ya Mfalme Manuel wa Kwanza. Kiko ndani ya kabati la kioo, kimewekewa taa nzuri, unaweza kukizunguka pande zote. Katikati wamepiga magoti mitume 12, kila mmoja si mkubwa kuliko kidole, nguo zao zimetiwa rangi zinazong'aa, na ukikaribia unaona ndevu na hata vidole vya miguu. Juu yao ananing'inia njiwa mweupe. Halafu inama uangalie kitako. Kuna maandishi yanayozunguka, yanasema mfalme ameagiza kifanywe kwa dhahabu ya kodi ya Quilua. Mwanangu alizunguka kabati akisoma herufi moja moja, na alipofika hapo akapaza sauti mpaka mlinzi akageuka: "Bibi, ni Kilwa! Wameandika Kilwa!"

Mama alikiangalia kwa muda mrefu. Akasema tu, "Basi imefika huku." Kisha akaanza kuwasimulia wajukuu habari za Kilwa Kisiwani: unavuka kwa jahazi kutoka Kilwa Masoko, unakuta Msikiti Mkuu na kuba zake, na ukitembea zaidi unafika Husuni Kubwa, juu ya mwamba unaotazama bahari. Mimi niliongeza kilichobaki, maana watoto walitaka kujua kodi gani hiyo. Kilwa ilitajirika kwa dhahabu iliyopitia Sofala, bandari iliyo Msumbiji ya leo, ikafua sarafu zake yenyewe, na msafiri Ibn Battuta wa Moroko alifika pale mwaka 1331. Julai 1502 Vasco da Gama alitia nanga na merikebu zenye mizinga, akatishia kuuangamiza mji, na mtawala wa Kilwa, Amiri Ibrahim, akalazimika kukubali kutoa dhahabu kila mwaka. Miaka mitatu baadaye, Julai 1505, Mreno mwingine, Francisco de Almeida, akauteka mji wenyewe na kujenga ngome. Wareno waliihama Kilwa mwaka 1512. Dhahabu ile ya 1502 ndiyo iliyo mbele ya macho yako pale Janelas Verdes. Nimesoma habari hizi shuleni, nikazisahau, lakini kuziona zikiwa na uzito na mng'aro, mama yangu akiwa amesimama kando, ni jambo jingine kabisa. Nilisikia uchungu, na nilisikia fahari pia, vyote kwa wakati mmoja.

Jumba lenyewe ni zuri kwa familia. Halina msongamano kama Belém, mtaa wa kando ya mto wanakojazana watalii, lina bustani yenye mkahawa unaotazama mto Tejo, na watoto wakichoka na picha za watakatifu unawapeleka nje wale kitu. Kuna pia maskrini makubwa ya kukunja ya Kijapani yaliyochorwa Wareno waliofika Japani, wenye pua ndefu na suruali za kupwaya. Watoto wangu waliyapenda mno, na ni funzo zuri kuona wageni walivyoonekana kwa macho ya wenyeji. Jumatatu wamefunga.

Belém tulikwenda kesho yake. Mosteiro dos Jerónimos, nyumba ya watawa yenye kanisa lake, ilianza kujengwa mwanzoni mwa miaka ya 1500, na sehemu kubwa ya gharama ilitokana na ushuru wa asilimia tano uliotozwa bidhaa za Afrika na Mashariki. Ukilijua hilo unaziangalia zile nguzo za mawe zilizochongwa kamba, matawi na viumbe wa baharini kwa jicho tofauti. Kanisani kuingia ni bure, ua wa ndani unalipiwa, na foleni zake ni mbili tofauti. Uliza kabla hujajipanga juani na mtu mzima. Mara tu ukiingia kanisani, kushoto kuna kaburi la Vasco da Gama. Alifia Cochin, India, mwaka 1524, na mabaki yake yaliletwa hapa mwaka 1880. Amechongwa amelala, mikono imekutana kifuani kwa sala, na ubavuni mwa kaburi kuna merikebu. Mama aliuliza, "Huyu ndiye?" Nikamwambia ndiye. Akaitazama ile merikebu, akaenda zake kukaa kwenye benchi la mbali, na mimi sikumfuata kwa maswali.

Kule ng'ambo ya barabara, ufukweni mwa mto, kuna Padrão dos Descobrimentos, mnara wenye umbo la merikebu uliojengwa mwaka 1960. Chini yake sakafuni kuna dira kubwa ya mawe, zawadi kutoka Afrika Kusini, na katikati yake ramani ya dunia yenye njia za Wareno. Hapa tulikuwa tumelipia matembezi ya kuongozwa na kijana mmoja mwenyeji. Alipofika kwenye habari za njia ya baharini ya India, Mama akaniambia nimtafsirie swali: kabla ya hao, watu wa pwani na Waarabu na Wahindi walikuwa hawavuki kwa kaskazi na kusi? Kijana hakukwepa. Akawaeleza watu wote wa kundi kwamba walikuwa wakivuka kwa mamia ya miaka, na kwamba Aprili 1498 Vasco da Gama alipofika Malindi, sultani wa pale ndiye aliyempa rubani wa kumfikisha India. Mwanangu wa kiume alikuwa ameshasimama juu ya ramani, kisigino kimoja Malindi na kingine Kilwa. Kama mtalipia matembezi ya kuongozwa Belém, ulizeni kabla iwapo kiongozi anazungumzia pia watu waliofikiwa. Wapo wanaozungumza hivyo, na hao ndio wa kulipwa.

Vikeki vya pastel de nata tulivila Pastéis de Belém, duka linalofanya kazi tangu 1837. Vinakuja vya moto, juu vimeungua madoa meusi, unanyunyizia mdalasini na sukari ya unga. Foleni ya nje ni ya wanaobeba. Ndani kuna vyumba vingi vya kukaa, na mara nyingi ndani unahudumiwa upesi zaidi.

Kuhusu chakula kingine, tulikula vizuri kuliko nilivyotarajia. Maduka na mikahawa ya halali yamejaa Rua do Benformoso, karibu na Martim Moniz, mengi ni ya Wabangladeshi. Kuku wa kuchoma wa pilipili yuko kila kona, na ladha yake imepitia Msumbiji na Angola. Bacalhau, chewa aliyekaushwa kwa chumvi, Mama alimwonja kwa mashaka, kisha akasema ni ng'onda aliyezaliwa penye baridi, na akaomba aongezewe.

Tramu namba 28 tuliiona ikipita. Ni mabehewa ya miaka ya 1930, mazuri kweli, lakini foleni ya Martim Moniz ni ndefu, ndani watu wanabanana, na vibaka hawakosekani. Kwa mama mtu mzima na watoto sioni faida yake. Sisi tulipanda bajaji. Ndiyo, Lisbon imejaa bajaji, nyingi za umeme, na bei mnapatana kabla ya kuondoka. Wa kwanza alitutajia bei ya juu mno, tukaondoka, wa pili akatupunguzia bila ugomvi. Akatupandisha mpaka kasri la São Jorge, ambako watoto walifukuzana na tausi na sisi tukautazama mji wote mpaka mtoni. Akatusimamisha pia Santa Luzia. Nje ya ukuta wa kanisa pana picha mbili za vigae vya buluu, moja inaonyesha uwanja wa Praça do Comércio kabla ya tetemeko la tarehe 1 Novemba 1755, na nyingine inaonyesha kasri likitekwa mwaka 1147 kutoka kwa Waislamu waliokuwa wameutawala mji kwa zaidi ya miaka mia nne. Baada ya hapo unaielewa Baixa: ule mtaa ulionyooka kama daftari la hesabu ni kazi ya Marquês de Pombal, waziri wa mfalme, baada ya tetemeko, mawimbi na moto kuufuta ule wa zamani.

Watoto mkiwauliza wao, watawaambia safari nzima ilikuwa Oceanário. Lilifunguliwa mwaka 1998 pamoja na maonyesho ya Expo, na lina tangi moja la katikati lenye lita milioni tano za maji, papa na samaki aina ya taa wakipita juu ya kichwa chako. Kuna pengwini, kuna fisi maji wanaoelea chali. Sehemu moja imetengwa kwa Bahari ya Hindi ya kitropiki, na hapo Mama ndiye aliyekuwa mwalimu. Kila samaki alimtaja kwa jina lake la Kilwa, akaeleza na yupi analiwa na yupi anaachwa. Tiketi nunueni mtandaoni mapema na mfike asubuhi, kabla ya makundi ya shule.

Kama mnazo siku mbili tu, ya kwanza nendeni Janelas Verdes asubuhi na kasri la São Jorge jioni kwa bajaji, ya pili Belém mapema kisha Oceanário mchana. Msipange Belém wala Janelas Verdes siku ya Jumatatu, kwa kuwa Jerónimos nayo hufungwa. Mkibakiwa na saa moja, pandeni feri ya Cacilhas, ng'ambo ya mto, pale Cais do Sodré. Kuvuka ni kama dakika kumi, inakubali kadi ile ile ya Navegante, na wazee wanapata pa kukaa.